Taa Inayomulika Mkungu

Kabla ya kupambazuka, kwenye mteremko wa Kilimanjaro kutoka Uru kuja Rau, niliwahi kukutana na mkungu wa ndizi unaowaka. Ulikuwa unashuka gizani kama unaojiendea wenyewe, wa kijani, kila kidole chake kikionekana, na chini yake kulisikika cheni na breki zinazolia. Nikasogea pembeni. Ulipofika karibu ndipo nilipomwona mwenye mzigo: kijana mwembamba, ameinamisha shingo upande wa kushoto, anaichungulia barabara ubavuni mwa mkungu. Taa ya baiskeli yake ilikuwa nzima. Ilikuwa pale pale ilipowekwa na kiwanda, shingoni mwa usukani, na ndizi zilikuwa zimefungwa mbele ya taa. Mwanga wote uliishia kwenye ndizi, na kidogo kilichobaki kilimrudia yeye machoni.

"Shikamoo mzee," alinisalimia. Nikaitikia, akapita. Nilibaki nimesimama pale mpaka sauti ya cheni ikapotelea bondeni, kwa sababu mchunguliaji yule nilikuwa namjua. Si kijana mwenyewe. Namaanisha ile shingo iliyopinda, ule mkao wa mtu anayeitafuta njia pembeni ya kitu alichokibeba. Mkao huo nilikua nikiuona nyumbani.

Baba yangu mdogo alikuwa akipeleka maziwa mjini Moshi. Kila siku isipokuwa Jumapili alitoka Uru saa kumi na moja alfajiri juu ya Phoenix nyeusi, madumu mawili ya lita 20 yamening'inia huku na huku kwenye keria. Maziwa peke yake yalipita kilo 40. Mbele, kwenye usukani, alifunga kikapu cha ukili chenye mayai ya akina mama wa jirani, na msimu ukiwadia, parachichi. Mayai hayakuweza kukaa nyuma. Keria haina huruma, kila jiwe linalopita chini ya tairi linafika kwenye mzigo. Mbele kuna mikono, na mikono inajua kupokea mtikisiko. Kwa hiyo kikapu kilikaa mahali pake sahihi kabisa, na kwa kukaa hapo kikaiziba taa.

Mimi nilikuwa nikimwona akiondoka. Mwanga uliingia ndani ya kikapu na kutokea kwenye matundu ya ukili, ukamwagika barabarani madoa madoa, kama jua linavyopita kwenye migomba. Ulikuwa mzuri kuutazama, lakini haukumsaidia mtu yeyote kuliona shimo.

Aliendesha kwa masikio. Kando ya barabara ile, upande wa kulia ukishuka, ulikuwapo mfongo, mmoja wa mifereji iliyochimbwa na wazee wetu kuteremsha maji ya mito ya mlimani hadi kwenye vihamba. Maji yale yalikuwa yakizungumza usiku kucha. Yakisikika karibu mno, baba mdogo alisogea kushoto. Yakififia, alijua ameanza kukaribia ukingo wa pili, akarudi. Aliniambia kwamba zipo sehemu alizozipita amefumba macho, kwa kuwa mwanga wa kikapu ulimsumbua kuliko giza.

Lakini maji ya mfongo yana zamu. Kuna siku ni ya watu hawa na siku ni ya wale, na zamu ikibadilika mfereji huzibwa kwa mawe, udongo na vipande vya migomba, maji yakaelekezwa kwingine. Agosti mwaka 1991, wakati wa kiangazi ambapo kila tone linahesabiwa, maji yaliondolewa upande wetu usiku. Alfajiri baba mdogo akashuka kama kawaida. Hakusikia maji, akaamini yuko mbali nayo. Gurudumu la mbele likaingia katika mfongo mkavu.

Alivunjika mtulinga. Lita 40 za maziwa zilinywewa na udongo, na hakuna yai lililopona. Mama mmoja ambaye mayai yake yote yalikuwa ndani ya kikapu kile alifika nyumbani siku ya pili akiwa na sufuria ya mtori, hakuyataja mayai kabisa. Mama mdogo aliipokea kwa mikono miwili. "Aika mae," alishukuru, asiongeze neno. Wageni waliokuja kutoa pole waliuliza swali moja, kila mmoja kwa wakati wake: "Kwani hakuwa na taa?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike haya. Tumelizoea mno. Mtu wa baiskeli akigongwa au akianguka usiku, tunauliza kama alikuwa na taa, na jibu likiwa hapana tunaona tumemaliza kazi ya kufikiri. Jibu likiwa ndiyo, tunashangaa kidogo, tunamlaumu Mungu au bahati. Sijasikia mtu akiuliza swali la pili: taa ilikuwa imefungwa wapi, na mzigo ulikuwa wapi?

Na huku mlimani swali la pili ndilo kubwa, kwa sababu hakuna anayepanda baiskeli mikono mitupu. Maisha yetu yamepangwa kwa ngazi. Juu kiko kihamba chenye migomba, kahawa na ng'ombe wa ndani. Chini, tambarare, liko shamba la mahindi na majani ya kulishia. Katikati uko mji wenye soko. Kila kinacholiwa juu au kuuzwa chini lazima kibebwe. Mwendo wa asubuhi unaanza kabla ya jua. Mwendo wa jioni unakutana na jua likizama, nalo kwetu huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini na saa moja kasorobo au kupita kidogo, mwaka mzima, na halina desturi ya kuaga. Katika muda wa nusu saa giza limekamilika. Masika, mawingu yakishuka hadi Rau, hata hiyo nusu saa haipo. Mchukuzi wa kilima hiki anaanza siku gizani na kuimaliza gizani, na mara zote mbili ana mzigo.

Baiskeli zilizotufikia hazikulijua hilo. Babu alinunua Raleigh kwa fedha za kahawa, enzi ambazo KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoundwa mwaka 1933, kilikuwa ndicho kinachokusanya kahawa ya wakulima wa mlima. Baadaye zikaja Phoenix kutoka Shanghai, na Swala, baiskeli yetu wenyewe iliyotengenezwa na kiwanda cha NABICO jijini Dar es Salaam. Zilikuwa imara, nazo naziheshimu. Lakini zote zilirithi umbo moja lililochorwa Uingereza, ambamo kishikizo cha taa kinasimama mbele ya shingo ya usukani, na mbele ya taa kuna hewa tupu. Mchoraji wa umbo lile alimfikiria mtu anayekwenda kazini. Mzigo alimkumbukia nyuma, mdogo, juu ya keria. Kwetu mzigo ndio sababu ya safari, na mwendeshaji ndiye anayeusindikiza.

Mfupa ulipopona, baba mdogo alikwenda na baiskeli kwa fundi mmoja mzee mtaa wa Majengo, mjini Moshi. Nilifuatana naye.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Pole na ajali, nimesikia."

"Nimekwisha poa, fundi. Nimeleta baiskeli, taa yake isogezwe."

Mzee aliizunguka Phoenix mara moja, akarudi kukaa juu ya kopo lake la rangi. "Mzigo uko wapi?"

"Mzigo nimeuacha nyumbani. Leo nimeleta baiskeli tu."

"Basi leo hujaleta kitu. Kesho njoo na madumu yote mawili, yajaze maji. Kikapu nacho kije kimejaa. Na uje magharibi, taa haipimwi mchana."

Tulirudi kesho yake jua likizama, kikapu kimejazwa viazi badala ya mayai. Fundi alitufungisha mzigo wote kwa mipira ya tyubu, kama tunavyoufunga nyumbani. Kisha akamwambia baba mdogo apande na akae, mimi nikishika keria isianguke, na yeye akachuchumaa mbele ya gurudumu kama mtu anayetafuta sindano. Alikuwa na tochi mkononi. Aliiweka juu ya kikapu, akauliza, "Unaona?" Baba mdogo akasema anaona mbali lakini karibu na gurudumu haoni. Aliiweka ubavuni mwa kikapu. Usukani ulipogeuzwa, kikapu kikaugonga mkono wake. Akaishusha, akaishusha tena, mpaka tochi ikafika kwenye foki, kiganja kimoja juu ya ekseli, upande wa kulia. Hapo baba mdogo alinyamaza. Ua lile la fundi tulikuwa tumelivuka tukidhani ni tambarare; sasa lilikuwa na mabonde. Kila kijiwe kilikuwa na kivuli kirefu kuliko chenyewe, na kila shimo lilikuwa na mdomo mweusi.

Hiyo ndiyo faida ya taa ya chini. Mwanga unaotoka juu hulainisha barabara, mashimo yanajaa mwanga na kufanana na ardhi nyingine. Unaotoka chini hulala juu ya barabara na kuyainua yote yaliyo juu yake. Hasara yake ipo, na mzee hakuificha: taa ikishuka, haifiki mbali. "Utaona vizuri, lakini utaona karibu," alisema. "Kwa hiyo usikimbie." Tena ukiifunga nyuma sana, tairi lenyewe linaweka kivuli upande wa pili wa barabara, na hapo umehamisha tatizo tu. Alikata kipande cha bati nene, akakikunja kiwe mkono mfupi wa kuisogeza taa mbele, ipite ukingo wa tairi. Upande wa kulia aliuchagua kwa sababu sisi tunaendesha kushoto, na gari linalokuja linatukuta kwa kulia.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima. Alichukua msasa akaikwangua rangi ya foki mahali bati litakapokaa, mpaka chuma kikang'aa. Dainamo ya namna ile hupeleka umeme kwa waya mmoja tu. Njia ya kurudia ni chuma cha baiskeli chenyewe. Rangi ikibaki, au kutu ikiingia, umeme haurudi na taa haiwaki, hata kama globu ni mpya na waya ni mzima. Wengi wamezitupa taa zisizo na kosa. Kosa lilikuwa rangi nyembamba kama ukucha.

Dainamo inastahili maneno zaidi, kwa kuwa mlimani ina tabia ambayo tambarare haionekani. Ile ya chupa, inayosugua tairi, kwa kawaida ni ya volti 6 na wati 3: wati 2.4 za mbele na 0.6 za nyuma. Umeme huo unatoka katika mwendo. Ukishuka Uru na madumu mawili, taa inawaka kama macho ya paka, na pengine inazidi kiasi. Globu ya nyuma ikiungua bila wewe kujua, umeme wake unahamia mbele, na mteremko unaofuata unaiunguza ya mbele pia, mahali ambapo ungeihitaji kuliko kote. Jioni, ukirudi, hali inageuka. Kutoka mjini hadi nyumbani unasukuma kwa miguu, saa nzima na zaidi, na kwa mwendo wa miguu dainamo inatoa mwanga wa kibatari. Wengi wanaivuta isiguse tairi ili wapate wepesi. Ndiyo kusema mchukuzi anapanda mlima bila taa kabisa, kando ya barabara, akiwa amechoka, na nyuma yake magari yanapandisha.

Nyuma yake ndiko kunakonitia hofu zaidi. Msimu wa kiangazi watu hupandisha majani ya ng'ombe kutoka tambarare, na furushi la majani kwenye keria hushuka pande zote mpaka karibu kuigusa ardhi. Taa nyekundu iko kwenye madigadi, ndani ya majani. Kiakisi mwanga kiko humo humo. Dereva anayetoka Moshi haoni baiskeli wala mtu. Anaona kichaka, na kichaka kando ya barabara ya Kilimanjaro si habari. Kinachohitajika ni kipande kidogo chekundu kifungwe juu ya majani yenyewe, juu ya furushi, kila safari, kama vile kamba inavyofungwa kila safari. Nimeona mama mmoja Rau aliyeshona kitambaa chenye kuakisi mwanga, kilichokatwa kwenye kizibao kikuukuu cha mafundi wa barabara, akakitia kwenye kamba yake ya kufungia majani. Anapofunga mzigo, taa ya nyuma imekwishafungwa. Sijaona ufundi uliopita huo.

Siku hizi kuna njia mpya. Mlima huu huu, wapandaji wanaolenga kilele cha Uhuru, mita 5,895, huondoka kambi ya mwisho karibu na usiku wa manane, kila mmoja na tochi yake kichwani. Tochi za aina hiyo zimeshuka hadi vijijini, nyingine zikiwa zawadi kwa wapagazi, na leo utamkuta mpeleka maziwa ameivaa moja kipajini. Inavuka kikapu, inafuata macho, inawaka hata unaposukuma. Ni msaada mkubwa. Ila mvaaji akimtazama anayekuja, anamtia upofu, na huko juu kipajini inawasawazishia mashimo yale ambayo taa ya foki ingeyaonyesha. Mimi ningependa mtu awe nazo zote mbili. Na kila ninapowaona wapagazi wale getini wakipimiwa mizigo, isizidi kilo 20 kwa mtu, nafurahi kwa ajili yao, kisha nawakumbuka wa barabara ya Uru. Mizigo yao haipimwi na mtu yeyote.

Jibu kamili zaidi nililiona kwa bahati, kati ya baiskeli za mtumba zinazotoka Japani. Wenyewe huziita mamachari, baiskeli za mama. Kikapu kipo mbele tangu kiwandani, na taa haiko shingoni. Iko chini ya kikapu, kwenye foki, kando ya gurudumu, na katika nyingi kati yake dainamo na taa ni kitu kimoja. Nilichuchumaa mbele ya mojawapo hadi muuzaji akaniuliza kama naumwa. Taa ilikuwa karibu pale pale alipoiweka mzee wa Majengo. Huko Paris pia, watengenezaji kama René Herse na Alex Singer, waliokuwa wakiunda baiskeli za safari ndefu zenye mkoba mbele, waliishusha taa chini ya mkoba, kwenye keria ndogo ya mbele. Hao wote hawakuwa na ujuzi ambao mafundi wetu hawana. Walianza tu na mzigo, kisha wakaitafutia taa mahali.

Kwetu mizigo imebadilika, taa haijasogea. Zamani zilikuwa rambo zilizoning'inia kwenye usukani, zikipepea mbele ya taa na kuizima na kuiwasha kwa zamu. Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, vikapu vimerudi kwa wingi, jambo jema. Lakini kikapu hakipepei. Kikiziba, kimeziba.

Baba mdogo aliendelea kupeleka maziwa miaka mingine mingi. Hakuanguka tena barabara ile, na zamu ya mfongo ilibadilika mara nyingi. Shingo yake ilinyooka. Hilo nililigundua siku moja akiondoka alfajiri: alikuwa amekaa wima, kikapu kiko giza, na barabara mbele yake ina mwanga.

Kwa hiyo nina ombi kwa mafundi wa Majengo, Pasua, Kiboriloni na Himo, na kwa fundi yeyote aliye chini ya mti popote anaposomewa haya. Mtu akikuletea baiskeli umfungie taa, usishike spana kwanza. Mwambie arudi jioni, na aje na mzigo wake.